Gamba la Mguu wa Kushoto

Nyumbani, 4 Februari

Mdogo wangu Bonge,

Salamu utazikuta mwishoni, maana nikianza nazo nitasahau kilichonifanya nishike kalamu. Gamba la mguu wangu limepasuka.

Unalijua. Lile la plastiki nyeupe linalokumbatia paja na shavu la mguu, lenye vyuma viwili pembeni na bawaba kwenye goti. Nimelivaa miaka sita. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye meza ya kukatia, tabaka arobaini za kitambaa cha sare mbele yangu, nikasikia "ta!" Nikageuka kumtazama aliyevunja rula. Kumbe rula ni mimi. Plastiki imechanika pale ribiti, zile pini fupi za chuma zilizogongwa vichwa, zinaposhikilia chuma cha nje, chini kidogo ya goti, na sasa chuma kinaning'inia kama mlango uliong'oka.

Nilikwenda hospitali kwa fundi wa viungo. Akaligeuza mara mbili, akalirudisha mezani.

"Hili limekwisha, mama."

"Lirekebishe."

"Plastiki hii haishiki gundi. Nikitoboa tena karibu na ufa, itachanika tena. Na jipya siwezi kukutengenezea, malighafi haijaletwa tangu mwaka jana. Nakuandikia kiti cha magurudumu."

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba nataka kukaa.

Kazini nako Tajiri ameniita ofisini. Anasema mkata nguo hukata akiwa amesimama, na yeye hana meza ya kukatia mtu aliyekaa. Amenipa mpaka mwisho wa Machi nirudi nikiwa nimesimama, la sivyo ataweka mtu mwingine. Miaka ishirini na mbili nimemkatia, na hakuna siku amenirudishia kipande akisema nimekosea.

Sasa, Bonge, wewe ndiye mtaalamu wa plastiki wa ukoo huu. Miaka tisa unatuandikia habari za maabara na vipimo, na Mama ametundika ukutani picha yako ya koti jeupe, kila mgeni lazima aione kabla hajapewa maji. Niambie: plastiki hii naishikizaje na chuma? Chumba cha nyuma cha marehemu Baba kipo vilevile, jiliwa lake la kubania, drili ya mkono, tupa na fuawe ya kugongea chuma. Mikono ninayo. Ninachokosa ni jibu lako.

Salamu sasa. Mama mzima, mimi mzima kuanzia kiunoni kwenda juu.

Dada yako,
Mkasi

*

Kiwandani, 15 Februari

Kwa Dada Mkasi,

Nimeipokea barua yako na nimeliwasilisha suala lako mbele ya wenzangu wa maabara. Baada ya kulijadili kwa kina tumeafikiana kwamba, kitaalamu, plastiki ya kundi hilo haiunganishwi na chuma kwa njia za nyumbani. Inahitaji mitambo maalumu ambayo hata nikikueleza haitakusaidia.

Dada, nakuomba usinielewe vibaya. Kichukue kiti. Umehangaika na mguu huo tangu ulipopata ile homa ukiwa na miaka minne, na hakuna anayekudai kitu. Kujikaza sana nako ni ugonjwa. Tajiri anaweza kukupa kazi ya kukaa, kukunja nguo au kushona vifungo.

Msalimie Mama. Mwambie kazi ni nyingi sana, ndiyo maana sikuja mwaka jana.

Mdogo wako,
Bonge

*

Nyumbani, 24 Februari

Bonge,

Vifungo! Mimi nishone vifungo!

Barua yako nimeisoma mara moja, nikaikunja, nikaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Huko imefaa.

Hukunijibu nilichokuuliza. Nilikuuliza naishikizaje, wewe ukaniambia nisishikize. Basi nimeanza bila wewe. Nimejaribu gundi ya viatu: ilibanduka kama ganda la ndizi. Nimejaribu gundi ya mabomba: ilikauka vizuri, nikafurahi, nikaigusa kwa ukucha ikaruka nzima na kunitazama sakafuni. Nimejaribu ile gundi ya haraka: iligandisha vidole vyangu viwili mpaka Mama akaja na maji ya moto na sabuni, anacheka hadi anashika mlango. Ngozi inashika, meza inashika, aproni imeshika. Kila kitu cha nyumba hii kinashika gundi isipokuwa ninapotaka ishike. Plastiki yenyewe ukiipapasa ni kama imepakwa mafuta ambayo hayaoshiki.

Kiti kimeletwa. Kimekaa ukumbini, Mama anaweka juu yake nguo zilizopigwa pasi. Kinafanya kazi hiyo vizuri.

Usiniambie tena haiwezekani. Niambie kwa nini, au niambie nifanye nini. Hata ikibaki siku moja kabla ya mwisho wa Machi nitakuwa bado nimeshika msasa.

Mkasi

*

Kiwandani, 6 Machi

Dada,

Samahani kwa habari ya vifungo.

Nimekaa maabara siku mbili kwa ajili yako tu. Fanya hivi. Osha plastiki kwa sabuni, ikauke. Nunua gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya. Paka pande zote mbili, bana kwa jiliwa siku nzima, halafu zungushia kamba ya nailoni juu yake. Tumeijaribu hapa na vipimo vimekubali. Litabeba uzito wako bila wasiwasi.

Uende kazini ukamwonyeshe huyo Tajiri wako.

Mdogo wako,
Bonge

*

Nyumbani, 27 Machi

Mwanangu,

Dada yako amenikataza kukuandikia, kwa hiyo naandika wakati amelala mchana huu, nimefunga mlango.

Ile gundi yako ilishika siku tatu. Siku ya kwanza alitembea ndani ya nyumba kama bibi harusi. Siku ya pili alikwenda kazini, wenzake wakampigia makofi. Siku ya tatu alikuwa anashuka ngazi za stoo na jora la kitambaa begani, chuma kikabanduka. Ameshuka ngazi saba kwa kidevu. Ameshonwa nyuzi nane na jino moja la mbele halipo. Wanasema aliyemkimbilia wa kwanza alimwambia, "Nipe mkono," yeye akajibu, "Shika kwanza jora, lisichafuke damu."

Tajiri ametuletea vitu vyake ndani ya mfuko wa plastiki. Mkasi wake mkubwa, chaki, utepe wa kupimia. Hakuingia ndani.

Tangu hapo dada yako hatoki. Anakaa chumba cha nyuma na lile gamba mapajani. Jana nilimwambia, "Mwanangu, pumzika sasa, umeshajaribu." Akaniambia, "Mama, hilo la kwanza lilikuwa la Bonge. Langu bado." Sikuelewa, ila nilivyomtazama machoni niliogopa.

Mwambie aache. Anakusikiliza wewe, maana wewe ndiye umesomea. Sisi wengine anatuona tunamwonea huruma tu.

Usimwambie kwamba nimeandika. Na ule vizuri huko.

Mama

*

Kiwandani, 5 Aprili

Dada Mkasi,

Nimeambiwa. Usimgombeze aliyeniambia.

Nimeichana barua hii mara nne. Naiandika ya tano na naipeleka posta moja kwa moja kabla sijaisoma tena.

Mimi si mtaalamu wa plastiki. Sijawahi kuingia maabara ila siku ile nilipoitwa kuhamisha kabati. Nabeba magunia. Punje za plastiki huja na malori, kila gunia kilo ishirini na tano, nayatoa kwenye lori nayapeleka stoo, nayatoa stoo nayapeleka kwenye mashine. Miaka tisa. Koti la kwenye picha niliazima kwa mtu wa vipimo wakati anakula chakula cha mchana, na mpiga picha alinifanyia nusu bei kwa sababu koti lilinibana, mbele halikufungika.

Nilipokuja huku nilimwandikia Mama kwamba nimepata kazi kwenye kiwanda cha plastiki. Yeye ndiye aliyeuliza, "Fundi?" Nikajibu ndiyo. Halafu kila barua ikadai nyingine.

Ulipoandika mara ya kwanza nilikuambia haiwezekani kwa sababu sikujua. Ulipoandika mara ya pili uliniumiza kichwa, na nikaona nikikujibu sijui utafahamu yote. Nikatunga. Hakuna maabara, hakuna vipimo, hakuna siku mbili. Nilisoma nyuma ya boksi la gundi dukani, nikiwa nimesimama, na muuza duka akaniuliza kama nanunua au nasoma.

Hizo ngazi saba nimekusukuma mimi.

Sina la kuomba.

Bonge

*

Kiwandani, 28 Aprili

Dada,

Hujajibu, na nisingejibu mimi pia. Naandika hata hivyo, kwa sababu safari hii nina kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Kuna mama mmoja anasimamia mashine namba tatu, sote tunamwita Bi Mashine. Ana miaka thelathini pale. Nilimwendea saa ya chakula na kipande cha plastiki nyeupe mkononi, nikamuuliza kwa nini hii haishiki gundi. Akaacha kutafuna.

"Wewe umebeba punje hizi kichwani miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na leo ndiyo umeuliza zinaitwaje?"

Alicheka mpaka wenzake wakaja kujua kuna nini. Kisha akachota maji kwa kidole, akadondosha tone juu ya kipande. Tone likasimama, duara kabisa, kama shanga. Akadondosha jingine juu ya sahani ya bati, likatandaa. Akasema, "Umeona? Plastiki hii haitaki kuloweshwa na kitu. Isipokubali maji, haikubali gundi. Ukiiosha mwaka mzima haibadiliki. Lazima uichokoze ngozi yake."

Kuichokoza ni hivi: msasa kwanza, kisha spiriti, kisha moto. Moto wa gesi ulio wa buluu, usiwe wa njano, unaupitisha juu ya plastiki upesi kama unapiga pasi hariri. Usisimame. Ukisimama imeyeyuka. Ukipitisha vizuri huoni tofauti yoyote kwa macho, lakini ukidondosha maji yanatandaa. Hapo ndipo unapaka gundi, palepale, usiende kunywa chai, maana ngozi ile inarudi kuwa ya zamani.

Nimefanya chumbani kwangu kwa jiko dogo la gesi. Vipande saba vya kwanza vilijikunja. Cha nane, tone lilitandaa. Nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Nimekitia kwenye bahasha pamoja na barua hii. Dondosha maji mwenyewe. Huenda njiani kitakuwa kimesharudi kuwa cha zamani, na kama ni hivyo, niambie.

Bonge

*

Nyumbani, 9 Mei

Bonge,

Nimedondosha maji. Yamesimama. Kimesharudi. Lakini nimekipitisha tena kwenye moto wa jiko letu, mara ya tatu yakatandaa, kwa hiyo safari hii hukusema uongo.

Sasa kaa chini unisikilize, maana nimeyaweka haya wiki tano.

Kubeba magunia si aibu. Baba alitengeneza baiskeli za watu akiwa amelala chali kwenye tope, na hakuna siku aliyotudanganya kwamba anatengeneza ndege. Kama ungetuandikia "nabeba magunia" tungekusalimia kwa magunia. Sikasiriki kwa sababu hujui. Hata mimi sijui. Nakasirika kwa sababu uliulizwa habari ya mguu ninaosimamia, ukanipa jibu la kulinda koti.

Na lingine, hili ndilo lililoniuma kuliko kidevu. Barua yako ya kwanza, ile ya kukaa na kushona vifungo. Hapo napo hukujua kitu, lakini uliandika kwa uhakika wa mtu aliyesoma. Kwa hiyo uliponiambia nikae, ilikuwa rahisi kwako kwa sababu wewe hukujua lolote lingine la kusema. Nimegundua kwamba wengi walioniambia nikae walikuwa hivyohivyo. Fundi wa hospitali alikuwa hana malighafi. Tajiri alikuwa hana subira. Kila mmoja amepungukiwa na chake, halafu anayetakiwa kukaa ni mimi.

Mama sijamwambia. Hilo ni lako.

Sikusamehe bado. Lakini nina kazi na wewe una plastiki, kwa hiyo tuendelee. Nataka kujua jambo moja tu: gundi hiyo juu ya plastiki iliyopita motoni, inabeba uzito wa mtu anayetembea? Si anayesimama. Anayetembea. Kama hujui, andika "sijui." Ni neno fupi.

Mkasi

*

Kiwandani, 23 Mei

Dada,

Sikujua, nikajaribu.

Niligandisha bamba la chuma kwenye kipande cha plastiki iliyopita motoni, nikatundika gunia zima, kilo ishirini na tano. Likakaa siku nzima. Bi Mashine akasema, "Sasa litingishe." Nikalisukuma likaning'inia huku na huku kama bembea. Mara ya mia na kitu likaachia, likanikosa mguu kwa kidole. Nimerudia mara tano. Kuvutwa moja kwa moja linavumilia. Kukunjwakunjwa, linaanza kubanduka pembeni kama stempu, halafu lote.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Gundi peke yake usiiamini kwa hatua hata moja. Inaweza kusaidia vitu visicheze, lakini kazi ya kushika lazima ifanywe na kitu kinachopenya. Ribiti. Na ribiti ndizo zilizochana gamba lako mwanzo. Hapo nimefika mwisho wa ninachokijua, na Bi Mashine naye anasema hajawahi kuvaa gamba.

Msimamizi alinikuta na gunia limening'inia.

"Mbeba magunia anafanya nini hapa?"

"Anauliza swali."

"Swali gani?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nirudi kubeba na nisionekane tena karibu na mashine. Nimerudi kubeba. Saa ya chakula nimekwenda tena kwenye mashine, kwa sababu saa ya chakula ni yangu.

Nimekutumia vipande vinne vikubwa vya plastiki ileile, vya kuharibu.

Bonge

*

Nyumbani, 19 Juni

Bonge,

Nimesimama. Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya fuawe ya Baba, ndiyo maana mwandiko unapanda mlima.

Barua yako ya mwisho nimeisoma nikacheka peke yangu, kwa sababu pale ulipofika mwisho ndipo kazi yangu inapoanza. "Ribiti ndizo zilizochana." Nililichukua lile gamba nikaliweka mezani kama kitambaa, nikasahau kwamba ni mguu. Nikatazama mashimo ya zamani. Manne, yamepangwa mstari mmoja ulionyooka, moja juu ya jingine, karibu na ukingo. Mungu wangu! Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza haruhusiwi kufanya hivyo. Ukitoboa kitambaa mstari ulionyooka umekichorea njia ya kuchanikia. Na mpasuo wa sketi usipoufunga ncha, utapanda mpaka kiunoni. Miaka ishirini na mbili najua hili kwa mikono yangu, nikawa nasubiri koti jeupe lije kuniambia.

Basi nimefanya hivi. Kwenye ncha zote mbili za ufa nimetoboa kitundu kidogo cha duara, ili ufa ufike pale uishie, usipate pa kukimbilia. Nimekata mabamba mawili ya aluminiamu, makubwa kama kiganja, nikayagongea kwenye fuawe mpaka yakafuata mviringo wa mguu. Moja nje, moja ndani, plastiki katikati, kama kola na kitambaa kigumu chake. Ribiti za shaba tisa, na kila moja nimeiwekea washa pana, vile viduara vya bati, isizame. Nimezipanga kwa kupishana, kushoto, kulia, hakuna mbili zinazofuatana kwenye mstari, zote mbali na ukingo. Kila tundu nimelisugua mdomo wake mpaka likawa laini kama tundu la shanga. Kabla ya kufunga nikapiga msasa, spiriti, moto wako wa buluu, tone likatandaa, gundi palepale, ndipo ribiti. Gundi inazuia kucheza, ribiti zinabeba. Chuma cha pembeni sasa kimeshikwa kwenye bamba, wala si kwenye plastiki. Ndani nimeweka ngozi isinichubue.

Vipande vyako vitatu niliviharibu. Cha nne nilikipiga nyundo, nikakikanyaga, Mama akakikalia. Kikakataa.

Nimelivaa siku ya tatu ya mwezi huu. Sikutoka nje. Nilitembea ukumbini na uani, mara mia mbili kwa siku, nahesabu kwa chaki mlangoni. Siku ya kumi nikapanda ngazi za jirani na kushuka. Siku ya kumi na mbili nikapanda na gunia la unga. Unanielewa? Sikutaka makofi safari hii. Nilitaka hesabu.

Juzi nikaenda hospitali. Fundi wa viungo aliponiona mlangoni nimesimama akadhani nimefuata karatasi za kiti. Nikalivua nikamwekea mezani. Alilikunja, akalipinda kwa goti, akatafuta ufa kwa kucha. Akaniuliza nimelipeleka kiwanda gani.

"Chumba cha nyuma."

"Nani alikufundisha kupishanisha ribiti?"

"Sketi."

Akaenda kabatini akatoa magamba matatu ya watu wengine, yote yamechanika palepale, mstari uleule. Alikuwa ameyaweka ya kutupa. Akasema, "Mama, ribiti hizi nilizipanga mimi." Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia tangu Februari, mengine nilishayafanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikayaacha. Nikavuta kiti chake, nikachukua chaki nikamchorea.

Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine unajua iko wapi. Imekaa ukumbini inapiga pasi, chini ya picha yako.

Mkasi

*

Kiwandani, 3 Julai

Dada,

Nimeisoma barua yako kwa sauti mashineni, saa ya chakula. Bi Mashine amepiga meza kwa kiganja. Amesema nikuambie kwamba kama ungekuwa huku angekupa kiti chake, kisha akakumbuka, akasema hapana, angekupa nafasi ya kusimama.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ya Mama. Imefungwa. Nimemwandikia yote, koti na magunia, sikupunguza. Mpe mkononi na umwache asome peke yake.

Mimi nimeomba rasmi nafasi ya kujifunza mashine namba tatu. Msimamizi ameandika juu ya ombi langu, "Hana sifa." Nimeandika lingine. Ameandika tena, "Hana sifa." La tatu nimeliambatanisha na vile vipande vitano vilivyobanduka, kila kimoja na maelezo yake: kilipakwa nini, kilitingishwa mara ngapi, kilibandukia wapi. Hajaandika kitu bado. Naambiwa viko mezani kwake na anavigeuzageuza.

Akikataa nitaandika la nne. Karatasi bado ninazo.

Mdogo wako,
Bonge

*

Nyumbani, 22 Julai

Mdogo wangu,

Nianze na Mama maana najua hulali. Alisoma barua yako uani, miwani imeshuka puani. Akamaliza, akaanza upya. Nikamsogelea. Akaniambia, "Miaka tisa anabeba magunia, na mimi nilikuwa namwombea asichoke kichwa!" Akaikunja barua. Machozi yalimtoka, sikatai, na hasira pia, alisema ukija utamkuta. Halafu jioni, wakati wa kupakua chakula, akaniuliza kama mnapewa mikanda ya kiuno. Uvae mkanda, amesema. Hilo ni agizo.

Sasa habari ya kazini.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kwa Tajiri na mkasi wangu kwapani. Nikapanda ngazi zilezile saba, maana ofisi yake iko juu, mlango wa pili kutoka stoo. Nikasimama mbele ya meza yake.

"Umepona?" akauliza.

"Sikuwa mgonjwa. Kilichovunjika kilikuwa kifaa."

Kwa miezi minne amebadilisha wakataji wawili, nilishasikia. Hakuniambia. Alitoa karatasi kwenye droo akanisogezea. Imeandikwa kwamba nikianguka ndani ya jengo lake, kosa ni langu na sitadai kitu. Akaweka kalamu juu yake.

Nikasoma mara mbili. Nikamwambia, "Nitasaini. Ila waite na wenzangu watatu wa mashine wasaini kwanza."

"Wao wana miguu mizima."

"Mwezi wa tano mmoja wao aliteleza kwenye mafuta ya mashine akavunjika mkono. Alikuwa na miguu mizima. Ngazi zako hazina pa kushikia na mimi ndiye niliyezishuka kwa kidevu. Weka bomba la kushikia, halafu tuletee karatasi sote wanne, majina yawe kwa mstari mmoja. La sivyo mimi naanza kukata sasa hivi bila karatasi, au narudi nyumbani, na hizo sare za shule utazikata wewe."

Mlango ulikuwa wazi. Mashine za kushona zilikuwa zimenyamaza zote, hata ile ya vifungo. Tajiri akanitazama mguuni, kwenye gamba, kwenye zile ribiti tisa. Akaikunja karatasi akairudisha kwenye droo. Hakusema ndiyo. Akasema, "Kitambaa cha buluu kiko mezani tangu Ijumaa."

Nilianza saa mbili. Tabaka sitini, suruali za wavulana. Sitakudanganya, ukoo huu umeshadanganyana vya kutosha: saa nane mchana paja lilikuwa linawaka na ngozi imechubuka mahali pawili, jioni nikaongeza sponji. Mara mbili chuma kililia nikashika meza, nikasikiliza, kikanyamaza. Mwenzangu mmoja akaniletea kigoda. Nikamshukuru, nikakisogeza kwa mguu wa kulia, nikaendelea.

Bomba la kushikia limefungwa jana. Wamelichomelea vibaya lakini linashika.

Leo saa kumi na moja kengele ililia, wenzangu wakavua aproni wakatoka, Tajiri akazima taa za upande ule. Mimi nilibaki. Lilikuwa limebaki tabaka la mwisho, pale kwenye mviringo wa kiuno, na huwa sikabidhi mviringo kwa mtu. Tajiri alisimama mlangoni na funguo mkononi. Nilimwacha asubiri.

Dada yako,
Mkasi